Kupe wa Dizeli na Daftari la Mafuta



 Wazazi kadhaa wa madrasa wametuuliza: lile gari jeusi la milango miwili, tulilolisifu mbele ya watu, tuliliuza kwa nini? Wengine wanataka kununua gari la dizeli. Wamesikia kwamba dizeli "hainywi", na wanataka kujua kama ni kweli. Tumeona tuwajibu wote kwa pamoja, tena kwa hesabu, maana tunalo daftari. Ndani ya daftari hilo upo ukurasa mmoja unaotuaibisha. Huo nao tutausoma.

Tulivyolinunua

Makazi yetu ni Arua. Siku za wiki tunafundisha madrasa hapa mjini, na kila Jumamosi tunakwenda Koboko, mwendo wa kama kilomita 55, kufundisha darasa la watu wazima na kumwangalia mama yetu mzazi anayeishi huko. Wazee wanaikumbuka njia hiyo ilivyokuwa: kiangazi vumbi, masika matope. Katika miaka ya 2010 barabara yote ya kutoka Vurra mpakani mwa Kongo, kupitia Arua na Koboko, hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, kilomita 92, iliwekwa lami. Tangu hapo hata gari la chini linapita bila taabu.

Kwa miaka mingi tulisafiri kwa gari za abiria, tukibanana wanne kwenye kiti cha watatu. Mwaka 2021 mama watoto alikuwa na akiba ya ushonaji wake, na sisi tukauza ng'ombe wawili. Tulipojumlisha na vijisenti vya miaka mingi tukafika shilingi milioni 15. Mkopo wa riba hatukuutaka, kwa hiyo fedha hizo ndizo zilikuwa mwanzo na mwisho. Na tuseme kweli, ndani yake ilikuwamo ada ya watoto wetu wawili. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya Korona, nasi tulijiambia kwamba kabla hazijafunguliwa gari litakuwa limeirudisha ada hiyo kwa nauli tutakayookoa.

Novemba 2021 tukashuka Kampala kwenye yadi ya magari. Hapo tukaliona. Lilitengenezwa Ujerumani, likatumika Uingereza, kisha likaletwa Uganda. Injini ni ya dizeli, lita 2.2, yenye tabo, na gia ni za otomatiki. Jina la kampuni tunaliacha, kwa sababu kosa halikuwa lake. Wauzaji wanaliita gari la namna hiyo kwa neno la Kifaransa ambalo midomoni mwetu linatoka "kupe", yaani gari la milango miwili ambalo paa lake linateremka kwa nyuma. Tulipofika nalo nyumbani jirani yetu aliuliza jina lake, akacheka hadi akakaa chini. "Mwalimu," alisema, "watu wananunua ng'ombe wakapata kupe bure. Wewe umeuza ng'ombe ukanunua kupe!"

Muuzaji alitupa namba mbili. Ya kwanza: "Limetembea 117,000 tu." Ya pili: "Lita moja inakwenda kilomita 18." Tulimuuliza hiyo 18 ameitoa wapi, akatuonyesha karatasi ya kampuni iliyokuja na gari. Sisi walimu tuna udhaifu wetu: tukiona maandishi tunanyamaza. Tulipiga hesabu palepale yadini, tukaona kwamba kwa kilomita 18 kwa lita gari litakuwa nafuu kuliko nauli. Tukalipa.

Hesabu ya kwanza

Kabla ya kuondoka Kampala tulijaza tangi hadi juu, tukairudisha mita ndogo ya safari kwenye sifuri. Tukapita Karuma, tukavuka Nile kwenye daraja la Pakwach, tukapanda Nebbi, tukafika Arua usiku. Asubuhi tukajaza tena hadi juu. Ziliingia lita 34. Mita ya safari ilisoma 305.

Binti yetu, ambaye siku zile alikuwa anasomea nyumbani kama watoto wote, ndiye aliyepewa kazi ya kugawanya. Akaandika 305, akagawa kwa 34, akasema, "Baba, ni tisa. Si kumi na nane."

Mama watoto hakusema neno. Akainuka akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni. Sisi tukabaki tunaitazama ile tisa, na ndani ya ile tisa tulikuwa tunawaona ng'ombe wetu.

Lakini mtoto hakuwa amemaliza. "Baba," alisema, "Kampala ni karibu kilomita 500. Hii inasema 305. Zile nyingine tulizipitia wapi?"

Tukarudi garini kuangalia mita kwa makini. Kumbe ilikuwa inahesabu maili! Gari lilitoka Uingereza, na Waingereza mpaka leo barabara zao wanazipima kwa maili. Maili moja ni kilomita 1.609. Basi 305 ni kilomita 491, na 491 kwa lita 34 ni kilomita 14.4 kwa kila lita. Si 18, lakini si tisa pia. Tukamshukuru Mungu kwa sauti, mama watoto akatoka jikoni anatabasamu.

Furaha hiyo ilidumu muda wa kikombe kimoja cha chai. Binti akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa: "Kama mita inahesabu maili, basi na ile 117,000 ni maili?"

Ilikuwa maili. Ni kama kilomita 188,000. Gari tulilodhani ni la makamo lilikuwa mzee.

Tukampigia muuzaji simu. Hakukasirika wala hakuona haya. Alisema, "Mwalimu, mita ilisema 117, na mimi nilisema 117. Sikusema kilomita, sikusema maili." Na kweli, tulipokumbuka vizuri, hakusema. Namba ilikuwa ya kweli. Kilichofichwa kilikuwa kipimo chake. Tafadhali wasomaji shikeni neno hilo, tutalirudia.

Ile 18 ilitoka wapi

Tuliichukua ile karatasi tukaisoma upya. Haikuandika 18 popote. Iliandika 50, yaani maili 50 kwa galoni moja. Galoni ya Uingereza ni lita 4.55. Ukigeuza, maili 50 kwa galoni ni kilomita 17.7 kwa lita, na muuzaji akazifanya 18. Angalieni pia kwamba galoni ya Marekani ni ndogo, lita 3.79 tu, kwa hiyo 50 ya Mmarekani na 50 ya Mwingereza si namba moja.

Kisha tukauliza: nani aliipima hiyo 50, na kwenye barabara gani? Jibu ni kwamba haikupimwa barabarani. Magari ya Ulaya ya zama zile yalipimwa ndani ya jengo, magurudumu yakizunguka juu ya magogo ya chuma. Jaribio zima lilikuwa dakika 20 hivi, mwendo wa kilomita 11, kwa wastani wa kama kilomita 34 kwa saa, na kiyoyozi kimezimwa. Hakuna kilima cha Nebbi, hakuna matuta ya barabarani, hakuna bibi na gunia la mihogo. Wataalamu wa shirika la utafiti la ICCT waliofuatilia jambo hili waliona kwamba mwaka 2001 magari ya Ulaya yalikuwa yanakunywa barabarani zaidi ya karatasi kwa asilimia 9 hivi, na kufika 2015 tofauti hiyo ilikuwa asilimia 42. Mwaka 2017 Ulaya ilianza kutumia jaribio jipya lililo gumu zaidi na karibu zaidi na ukweli. Lakini magari yanayotufikia sisi mengi ni ya karatasi za zamani.

Hatusemi kwamba karatasi ni uongo. Ina faida yake: ukiweka magari mawili yaliyopimwa kwa jaribio moja, itakuambia lipi linakunywa kidogo kuliko lingine. Haiwezi kukuambia gari lako litakunywa kiasi gani kati ya Arua na Koboko.

Je, dizeli hainywi?

Wasemao kwamba dizeli inakunywa kidogo hawakosei. Injini ya petroli inawasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Inaibana hewa kwa nguvu nyingi mpaka hewa yenyewe inakuwa ya moto, kisha inanyunyizia mafuta nayo yanawaka yenyewe. Kule kubana sana ndiko kunakoifanya itoe kazi nyingi kwa mafuta kidogo. Tena lita moja ya dizeli ina nguvu zaidi ya lita moja ya petroli kwa zaidi ya sehemu kumi katika mia. Ndiyo maana malori na mabasi yetu mengi ni ya dizeli.

Lakini lori linakwenda mbali. Injini ya dizeli inachelewa kupata moto, na ikiwa baridi inakunywa zaidi na kuchakaa zaidi. Mtu anayeiwasha kwenda sokoni kilomita mbili, akaizima, akaiwasha kwenda shuleni kilomita tatu, akaizima, hajawahi kuitumia dizeli vile ilivyokusudiwa. Na magari ya dizeli ya miaka ya karibuni, hasa yaliyotengenezwa Ulaya baada ya kanuni za 2009, yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo linajisafisha kwa joto la safari ndefu. Safari fupi linaziba, na kulibadilisha ni gharama inayoumiza. Letu lilikuwa la zamani, halikuwa nalo, lakini wewe unayetaka kununua uliza.

Jambo jingine ni mafuta yenyewe. Watu wa rika letu waliokulia Arua wanawakumbuka OPEC Boys, vijana waliojipa jina la muungano wa nchi zinazouza mafuta, wakiuza kando ya njia mafuta ya magendo kutoka Kongo kwa majerikani na chupa. Wengi wao walikuwa wametoka uhamishoni na hawakuwa na kazi nyingine. Walilisha familia, na hatuwadharau. Ila injini za siku zile zilivumilia. Dizeli za sasa zinanyunyizia mafuta kupitia matundu membamba sana, kwa shinikizo kubwa mno. Maji kidogo, mchanga kidogo, au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa isiyolainisha pampu, na nozeli zimekwisha. Tangu Januari 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi chembe 50 katika milioni, na hilo limesaidia injini na vifua vyetu. Kwa hiyo nunueni kituoni, na kituo kiwe kile kile mnachokijua.

Mwezi mmoja kwa daftari

Tulianza kuandika kila kitu. Binti alichora mistari: tarehe, maili, lita, fedha. Huu hapa mwezi wa kwanza kamili, na maili tumezigeuza kilomita.

Safari za Koboko: kilomita 344, lita 27. Ni kilomita 12.7 kwa lita.

Mizunguko ya mjini Arua, yaani madrasa, msikiti, soko na zahanati: kilomita 219, lita 25. Ni kilomita 8.8 kwa lita.

Jumla: kilomita 563, lita 52. Ni kilomita 10.8 kwa lita.

Dizeli siku zile tuliinunua shilingi 4,300, kwa hiyo mwezi ulikula shilingi 223,600. Kwa ile 18 ya yadini ungekula 134,500 tu. Tofauti ni shilingi 89,000 kila mwezi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ada.

Mama yetu kule Koboko hakuhitaji daftari. Siku ya kwanza tulipofika alitoka na mkongojo, akalizunguka gari mara moja, akauliza, "Mlango wa wajukuu uko wapi?" Tukamwonyesha jinsi kiti cha mbele kinavyolazwa ili mtu apenye nyuma. Akatazama wajukuu watatu wakitambaa kutoka mmoja mmoja kama panya wa ghala. "Mwanangu," alisema, "gari hili ni la kukimbia watu, si la kukusanya watu." Siku alipougua na kutakiwa kupelekwa Arua alikaa mbele, na mama watoto, aliyekwenda kumuuguza, alijikunja nyuma kilomita zote 55 na magoti kifuani. Hakulalamika. Ingekuwa afadhali angelalamika.

Ikaja Januari 2022. Tarehe 10 shule zikafunguliwa baada ya karibu miaka miwili. Wakati huohuo madereva wa malori walikuwa wamegoma kwenye mipaka ya Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya Korona, na mafuta yetu mengi hupita huko. Mafuta yakaadimika nchi nzima, bei ikapaa. Gari likasimama uani, na sisi tukasimama mbele ya mhasibu wa shule tukiomba kulipa nusu. Alitukubalia, Mungu amlipe. Watoto waliingia darasani. Lakini usiku ule mama watoto alitamka mara moja tu: "Cherehani yangu ililipa ada miaka saba. Gari halijalipa hata muhula."

Tulichotengeneza, na kilichotugharimu

Hatukukata tamaa. Fundi wetu alipima upepo wa tairi, akakuta zote ziko chini. Alibadilisha chujio la hewa lililojaa vumbi. Alikuta thamostati imekwama wazi, kwa hiyo injini ilikuwa haipati moto hata kwenye safari ndefu. Gharama ya hayo yote haikuwa kubwa, na safari za Koboko zikapanda kutoka 12.7 hadi 14.1 kwa lita. Mjini haikubadilika sana, maana mjini ugonjwa ulikuwa safari fupi zenyewe.

Kisha nozeli zikaanza kuvuja. Zilipelekwa Kampala kutengenezwa, zikarudi na deni la shilingi 1,200,000. Tulikaa na gari miezi 18, tukatembea kama kilomita 10,000. Ukiigawa fedha ya nozeli peke yake, ni karibu shilingi 120 juu ya kila kilomita, wakati mafuta yenyewe kwa bei ya mwanzo yalikuwa kama shilingi 400 kwa kilomita. Hapo tukaelewa kwamba mtu anayehesabu mafuta bila kuhesabu fundi amehesabu nusu.

Ukurasa wa aibu

Mei 2023 tuliamua kuuza. Dalali akatuambia tukilisema vizuri tutapata milioni 13. Na kulisema vizuri maana yake nini? "Wakiuliza mafuta," alisema, "waambie 18. Karatasi ya kampuni ipo. Hutakuwa umesema uongo, Mwalimu."

Jioni ile akapiga simu kijana mfanyabiashara wa Koboko. Alisema anataka gari la kuzunguka mjini na kupeleka watoto shule. Akauliza, "Sheikh, lita moja linakwenda ngapi?" Nasi tukasikia mdomo wetu wenyewe ukijibu: "Kampuni inasema 18." Akafurahi. Akasema kesho anakuja na milioni 13.

Tulipokata simu binti yetu alikuwa pale mezani na daftari lake la shule. Hakutukemea, maana mtoto mwenye adabu hamkemei mzazi. Aliuliza tu, "Baba, hiyo kampuni ilikuja Koboko?"

Wasomaji wetu, wiki ileile tulikuwa tunawafundisha watoto Surat al-Mutaffifin, sura inayowaonya wanaopunja vipimo. Tulikuwa tumewaeleza kwamba kupunja si kwa kibaba na mizani peke yake. Tulikuwa tumewasimulia kisa cha Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta chini imelowa, na jinsi alivyomtaka mwenye mali auweke ule unyevu juu ili watu wauone. Tulikuwa tumewafundisha wakubwa wao kwamba mnunuzi akikuta aibu ya zamani iliyofichwa ana haki ya kurudisha mali. Yote hayo tuliyajua kwa dalili zake. Halafu tukafanya vilevile alivyotufanyia mtu wa yadi: tulisema namba ya kweli, tukaficha kipimo chake. Karatasi ndiyo ilikuwa nafaka kavu ya juu, na daftari ndilo unyevu wa chini.

Hatukulala vizuri. Si kwa ucha Mungu tu. Milioni mbili na nusu zilikuwa zinatuzungumzia sikioni. Baada ya swala ya alfajiri tukampigia yule kijana. Tukamwambia: kwa mjini utapata kilomita nane au tisa, kwa safari ndefu 14, mita yake ni ya maili, na nozeli zimetengenezwa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ahsante, Sheikh. Basi halinifai." Akakata.

Dalali alituambia tumejiharibia wenyewe. Gari likakaa miezi mitatu bila mteja. Hatimaye akaja mtu ambaye kazi yake inampeleka Kampala na kurudi karibu kila wiki, peke yake. Tulimpa daftari akasoma ukurasa kwa ukurasa, pamoja na ukurasa wa nozeli. Akalichukua kwa milioni 10 na nusu, akaomba na daftari. Binti hakutaka kulitoa, akalinakili kwanza.

Baada ya mwezi yule bwana alitupigia: "Mwalimu, nimepata 15." Tulifurahi kwa dhati. Gari halikuwa baya. Lilikuwa limepewa kazi isiyokuwa yake, na aliyelipa kazi hiyo alikuwa mama watoto.

Nasaha kwa anayetaka kununua

1. Ukiambiwa namba, uliza mambo matatu: ni kipimo gani, ni barabara gani, na aliyepima ni nani.

2. Gari lililotoka Uingereza, angalia kama mita ni ya maili. Zidisha kwa 1.6 upate kilomita.

3. Pima mwenyewe. Jaza tangi hadi juu, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, tembea angalau kilomita 200, jaza tena kituo kilekile hadi palepale. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Rudia mara tatu, maana mara moja inaweza kukudanganya.

4. Andika safari za mjini mbali na safari ndefu. Kama nyingi ni za mjini na fupi, petroli ndogo itakufaa kuliko dizeli, hata kama karatasi inasema vingine.

5. Kabla ya kununua, muulize fundi bei ya nozeli, pampu, tabo na chujio la masizi. Weka fedha hiyo kando. Kama huwezi kuiweka, gari hilo bado si lako.

6. Pelekeni familia nzima kuliona, pamoja na bibi. Asipoweza kupanda, si gari la familia.

7. Siku ya kuuza, mpe mnunuzi daftari.

Siku hizi tunakwenda Koboko kwa gari dogo la petroli la Kijapani lenye milango mitano. Si zuri wa sura, na hakuna anayeligeukia njiani. Mama yetu ana mlango wake. Daftari jipya lipo ndani ya kisanduku cha mbele, na ukurasa wa kwanza binti ameandika kwa herufi kubwa: KILOMITA.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika mali zetu, na atupe ndimi zisemazo kwa wateja yale ambayo madaftari yetu yanasema.